Pindo Likikutana na Hanamu

Wazee wangu, mafundi wenzangu, dada na kaka, nanyi vijana wapiga gitaa mliokaa kule nyuma kama watu wanaoogopa vumbi la msasa: habari za asubuhi.

Leo nazungumzia pindo la gitaa, na namna ya kulikutanisha na mteremko wa kulaza mkono. Nimekuja na vitu vitatu. Cha kwanza ni kanga ya mama yangu. Nimeiazima, na nimeapishwa niirudishe bila tone la gundi. Cha pili ni mwili wa gitaa wenye tundu pembeni, ambao nimeutunza miaka mingi kwa sababu ya aibu. Cha tatu ni gitaa zima. Hilo litakaa kwenye mfuko wake mpaka mwisho, maana nikilitoa sasa hamtanisikiliza tena.

Haya, kanga. Ina mji katikati, ina jina, na ina pindo linalozunguka pande zote nne. Mama yangu akienda dukani haanzi na mji wala jina. Anashika kona. Anatazama kama pindo la huku limekutana sawasawa na pindo la kule, na kama wachapaji wamepotoka hapo, kanga inarudi mezani hata jina liwe tamu kiasi gani. Ufundi wa mbao nimeupata Keko, kwenye makabati na vitanda. Ufundi wa gitaa nimeupata baadaye, kwa kuharibu. Lakini jicho la kona nimelipata kwa mama.

Gitaa la mkono, lile lisilo la umeme, nalo ni hivyo hivyo. Uso wake, ule ubao mwembamba wa mbele wenye tundu la sauti, ndio mji. Pale uso unapokutana na mbavu, zile mbao za pembeni, pana pindo. Kila karakana ina jina lake kwa urembo huu. Mimi nasema pindo, mtaniruhusu. Na ndani ya pindo natofautisha vitu viwili. Utepe ni kipande cha nje kabisa, kinachokaa kwenye kona yenyewe, unene wa milimita 2 hivi na kimo cha milimita 6. Mistari ni ule urembo mwembamba unaofuata kwa ndani, juu ya uso: mweusi-mweupe-mweusi, au mchoro wa mifupa ya samaki, au gamba la abaloni, konokono wa baharini, linalobadilika rangi kila ukiligeuza. Mistari hiyo inalala kwenye mfereji wenye kina cha milimita 2 tu, pengine hata pungufu. Shikeni namba hiyo. Ndiyo iliyoniponza.

Pindo halikuwekwa ili gitaa lipendeze tu. Ukikata ubao wa sprusi, ule mti mweupe wa uso wa gitaa, kwenye ukingo wake unabaki na vinyweleo vilivyo wazi, na vinyweleo hivyo vinakunywa unyevu kama utambi wa koroboi unavyokunywa mafuta. Isitoshe, sprusi ni laini. Ligonge gitaa kwenye fremu ya mlango mara moja tu, utaona kona imebonyea kama embe bivu. Utepe wa mti mgumu unaziba vinyweleo, unapokea kipigo, na unasitiri kiungo cha uso na ubavu. Urembo ulikuja juu ya kazi hiyo, ukakolea. Kampuni ya Martin ya Nazareth, Pennsylvania, iliyoanza mwaka 1833, ilikuwa na gitaa la D-28 lenye mistari ya mifupa ya samaki. Urembo huo ulipoachwa karibu na mwaka 1947, magitaa ya kabla ya hapo yakaanza kutafutwa kwa ajili ya ule mstari. Na D-45 ya kwanza, ile iliyozungushiwa abaloni kila ukingo, ilitengenezwa mwaka 1933 kwa ajili ya mwimbaji Gene Autry. Mpaka 1942 yalikuwa yametoka 91 basi. Bei yake leo sitaitaja mbele ya watu wenye mikopo.

Sasa mkono. Gitaa kubwa la nyuzi za chuma lina upana wa karibu sentimita 40 kwenye nyonga, ile sehemu pana ya chini, na kina cha sentimita 12 hivi. Ukikaa nalo, mkono wa kulia unapanda juu ya nyonga na kulalia kona. Kona hiyo ni ya digrii 90. Dakika kumi za kwanza hakuna neno. Lakini anayepiga ukumbini mpaka saa nane usiku anaijua ile alama nyekundu chini ya kiwiko, na anajua vidole vinavyoanza kufa ganzi wimbo ukiwa bado haujafika kwenye sebene. Naona mnaangaliana.

Waliotengeneza magitaa ya umeme walilimaliza jambo hili mapema. Mmarekani Leo Fender alipotoa gitaa la Stratocaster mwaka 1954, alikuwa ameuchonga mwili wake uteremke pale mkono unapolala. Gitaa lake la awali, Telecaster, lilikuwa ubao bapa wenye kona. Mwili wa gitaa la umeme la aina hii ni mti mzima, hakuna uwazi ndani, kwa hiyo unachukua tupa unaondoa mti mpaka mkono useme asante. Lakini tazameni jambo ambalo mimi nilichelewa sana kuliona. Stratocaster ile ina mteremko na haina pindo. Mwaka 1959 Fender wakatoa Telecaster Custom yenye pindo, nayo haina mteremko. Gitaa la Les Paul la kampuni ya Gibson, la mwaka 1952, lina pindo usoni, mkono unalalia kona. Aliyetaka raha alikosa urembo, aliyetaka urembo alivumilia kona. Viwandani vitu hivyo viwili vilipishana kama basi la kwenda na basi la kurudi.

Kuna ujanja mmoja wa katikati ambao naupenda. Paul Reed Smith, fundi wa Maryland, huacha ukingo wa ubao wa mepo, mti mgumu mweupe, bila kupakwa rangi wakati uso wote umepakwa, na jicho linaona pindo. Pindo halipo. Ni mti wenyewe uliobaki mweupe, ukipanda na kushuka pamoja na mwili ulivyochongwa. Ukiwa na mti mzima, unaweza. Ukiwa na sanduku lenye uwazi ndani, ubao wa uso una milimita 3 tu, na ujanja unaishia hapo.

Kwenye gitaa lenye uwazi, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mteremko wa mkono ni William Laskin wa Toronto, Kanada, ambaye watu wote humwita Grit. Alijifunza kwa Jean Larrivée mwanzoni mwa miaka ya 1970, akafungua karakana yake, na zaidi ya kuchonga picha za gamba kwenye shingo za magitaa, ambazo ndizo zilizompa jina, alitengeneza sehemu ya kulaza mkono kwa kuikata ile kona na kuifunika kwa mti. Nchi yake ilimpa nishani ya Order of Canada mwaka 2012. Mafundi wengi wa Marekani na Ulaya wameifuata njia hiyo, na viwanda vikubwa kama Taylor navyo vikaiingiza kwenye magitaa yao ya bei ya juu.

Mkato huo tuuite nini? Mafundi wa majahazi wana neno zuri: hanamu. Kukata hanamu ni kukata kwa mshazari, na hanamu ni ule mti wa mbele ya chombo, pale mbao za pande mbili zinapokuja kukutana. Nitaliazima neno hilo kwa maana zote mbili, na mtaona kwa nini.

Kile cha pili sasa. Kipitisheni, lakini msicheke mpaka nimalize.

Alikuja kijana wa kwaya. Alikuwa ameona picha ya gitaa lenye hanamu kwenye simu, akaleta nusu ya fedha na maneno mengi. Mimi nilikuwa nimeshatengeneza magitaa manane ya kona za kawaida, nikajiona bingwa. Nikalijenga gitaa lote, nikazungusha pindo: utepe mweusi, ndani yake mistari mitatu. Lilikuwa zuri, wallahi. Nikasema, kilichobaki ni kupiga randa pale kwenye nyonga.

Nilitaka hanamu inayoingia milimita 30 usoni na kushuka milimita 18 ubavuni. Pigeni hesabu pamoja nami, kama ambavyo mimi sikupiga. Mistari yangu ilikuwa milimita 2 kutoka ukingoni, na kina chake milimita 2. Mahali pale hanamu ilitakiwa kuondoa mti mpaka kina cha karibu milimita 17. Kwa hiyo kwa mapigo machache ya randa mistari ilitoweka. Haikupungua. Ilitoweka, kama haikuwahi kuwepo. Utepe wenye kimo cha milimita 6 ukafuata. Nikaendelea, maana mtu akishaanza kuharibu huwa na imani ya ajabu kwamba uzuri uko mbele kidogo. Uso wa sprusi ukaanza kujitokeza kwa mshazari. Ubao wa milimita 3 ukikatwa kwa digrii 31 unaonyesha ukanda wa karibu milimita 6, wenye vinyweleo wazi, wenye kunywa kila kitu. Halafu mkanda wa ndani, ule unaoshika uso na ubavu. Halafu mwanga. Tundu mnaloliona ndilo hilo. Nilichungulia, nikaona sahihi yangu mwenyewe ndani ya gitaa.

Kijana wa kwaya alirudishiwa fedha zake, na mpaka leo tunasalimiana.

Kosa langu halikuwa randa. Niliona pindo kama urembo unaowekwa kwenye kitu kilichokwisha, na hanamu kama kitu kingine kinachoongezwa baadaye. Kumbe ni mstari mmoja. Mtu akitazama gitaa lenye hanamu kutoka mita tatu, haoni mteremko. Mwanga wa ukumbini haumwonyeshi mteremko wa digrii 31. Anaona mistari. Mistari ndiyo inayomwambia umbo limeanzia wapi, limepanuka wapi, limeishia wapi. Kwa hiyo kabla ya kukata ubao wowote, hata kabla ya kukunja mbavu kwenye bomba la moto, mimi sasa nauliza swali moja: pindo likifika hapa, litakwenda wapi?

Linaweza kufuata njia ya ndani. Pindo linakuja likifuata ukingo wa kawaida, likikaribia hanamu linauacha ukingo na kuingia usoni, linapita juu ya hanamu kama barabara inayozunguka kilima, kisha linarudi. Huku nje, hanamu inakutana na ubavu bila urembo wowote. Ni njia rahisi kuliko zote, na kwa anayeanza ndiyo ninayoishauri.

Linaweza kufuata njia ya nje: likashuka pamoja na hanamu, likapita chini kwenye ubavu. Uso unakutana na hanamu bila mstari. Mimi siipendi. Uso wa sprusi ni mweupe, hanamu kwa kawaida ni nyeusi au kahawia, na kiungo cha rangi mbili bila mstari katikati kinaonekana kama sahani iliyogundishwa.

Au linagawanyika. Likifika mwanzo wa hanamu, pindo linakuwa mawili: moja linapita juu, lingine linashuka chini, na baada ya sentimita 25 au 30 yanakutana tena. Hanamu inabaki katikati kama mtumbwi, ncha huku na ncha kule. Hiyo ndiyo ninayoitolea jasho, na ndiyo iliyo kwenye mfuko ule.

Kuchora kwenyewe nafanya hivi. Namkalisha mteja anavyokaa akipiga, maana wa klasiki anaweka mguu kwenye kibao na gitaa linapanda, wa bendi analiweka paja la kulia na mkono unalala kwingine kabisa. Nampaka chaki chini ya mkono. Anapiga wimbo mmoja, anasimama, na chaki inabaki kwenye gitaa la mfano. Hapo ndipo hanamu yake ilipo. Hakuna kipimo cha kitabu. Kisha nachukua fito nyembamba, naikunja kwa vidole mpaka ipite kwenye alama, nachora. Fito ina akili kuliko penseli. Fito haikubali kupinda ghafla, kwa hiyo mstari wake unaacha ukingo taratibu na kurudi taratibu. Anayechora kwa mkono huwa anapata nundu, na nundu ya milimita moja kwenye karatasi ni nundu ya milele kwenye mpingo.

Ndani ya sanduku, kabla halijafungwa, mkanda wa kawaida unaondolewa pale kwenye hanamu na kuwekwa gogo la mti mwepesi. Mimi huligandisha kwa vipande vyembamba vilivyokunjwa kufuata ubavu. Uso unagundishwa juu ya gogo hilo kama unavyogundishwa kwenye mkanda. Baadaye ukikata hanamu unakata uso, unakata ubavu, unaingia kwenye gogo, na huoni mwanga. Kwa upande wa ndani nalichimba gogo libaki na milimita kama 5 chini ya hanamu, maana gitaa si kabati, kila gramu ina hesabu yake.

Hanamu inakatwa kabla ya pindo, msisahau: kabla. Nakata nikiacha milimita moja ya akiba. Kisha rauta inazunguka kukata mfereji wa pindo, na inasimama sentimita 4 kabla ya kufika kwenye ncha. Kuanzia hapo mashine haijui kitu. Rauta hupata njia yake kwa kuegemea ubavu uliosimama wima, na pale ubavu umeshakatwa. Ukiiacha iendelee itaanguka ndani kama mlevi aliyekosa ukuta. Panamalizwa kwa kisu, kikwaruzo na patasi. Hesabuni nusu siku, mkizoea.

Mstari wa ndani nauweka kwanza, umesimama dhidi ya ukingo wa sprusi. Kisha ngozi ya hanamu, kipande cha mti chenye unene wa milimita 2 kilichokunjwa kwenye bomba la moto, kinausukuma mstari na kuubana. Vyote viwili vinagandishwa pamoja, kwa utepe wa kunata kila baada ya sentimita 2, umevutwa mpaka unalia. Kabla ya supagluu kukaribia sprusi, pakeni shelaki, aina ya vanishi, kwenye ukingo, mara mbili. Supagluu ikiingia kwenye vinyweleo vya sprusi inaacha doa la kijani-njano lisilotoka kwa msasa. Na msipanguse mistari myeusi kwa spiriti. Wino wake unayeyuka na kutembea kwenye mji mweupe kama wino wa kalamu kwenye mfuko wa shati.

Sasa ncha. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Mistari miwili inakutana kwa pembe ndogo, tuseme digrii 12. Kila mmoja lazima ukatwe kwa nusu yake, digrii 6, ili ikutane katikati na iwe mmoja. Mstari wa milimita 1 na nusu ukikatwa kwa digrii 6, mkato wake unakuwa na urefu wa milimita 14. Fikirini: milimita 14 za kunoa kitu chembamba kama njiti ya kiberiti kilichopasuliwa, mpaka kiishe na kuwa hakuna. Na mstari wenyewe ni tabaka tatu. Mweusi wa nje wa huku unatakiwa uendelee kuwa mweusi wa nje. Mweupe na mweupe zikutane ziwe mweupe mmoja. Mweusi wa ndani wa huku na wa kule zikutane na kufia hapo, zikitengeneza ncha nyeusi ndani ya nyeupe. Ndiyo maana nikataja hanamu ya jahazi: mbao za kushoto na kulia zinakuja kwa madaha, na mwisho wote uko pale mbele. Fundi akikosa pale, hata bahari inajua.

Naufanya kwenye kibao kilichokatwa mfereji wa digrii 6, juu ya kioo, kwa patasi ninayoinoa kabla ya kila mkato. Si kila asubuhi, kila mkato. Nakata mikato sita ili nipate miwili. Wapo wanaokwepa: wanaupeleka mstari mmoja moja kwa moja, wanaugongesha wa pili ubavuni mwake. Hiyo inaitwa makutano ya barabara. Kutoka mbali inapita. Mama yangu angeirudisha mezani.

Utepe wa chini una ugomvi wake. Kamba ya mti yenye kimo cha milimita 6 inakubali kupinda kufuata kiuno na nyonga, lakini hapa unaiambia pia ishuke milimita 18 na kupanda tena. Hiyo haikubali, itavunjika au itajikunyata. Fundi cherehani akifika kwenye shingo ya gauni haweki utepe ulionyooka. Anakata kitambaa kwa mshazari ili kivutike. Mti hauna mshazari wa kuvutika. Kwa hiyo unachukua ubao mpana zaidi, unakata umbo la kushuka na kupanda likiwa limeshachorwa, kisha unaukunja upande mmoja tu, ule ambao mti unakubali.

Na hapa ndipo tunapokuja kwenye mti wetu. Mpingo, mti wa taifa letu la Tanzania, ambao ukiutupa majini unazama. Dunia inaujua kwa klarineti na obo. Mafundi wa gitaa wanautaka kwa mgongo na mbavu, lakini mpingo mrefu ulionyooka ni nadra. Unakua umejipinda, una mashimo, una nyufa. Utepe wa kuzunguka gitaa unataka urefu wa sentimita 80 bila dosari, na kupata hiyo ni bahati. Ngozi ya hanamu inataka sentimita 30 kwa 5 tu. Vipande hivyo vimejaa kwenye mabaki. Na weusi wake unasitiri: hanamu ya mpingo ikikutana na utepe wa mpingo, kiungo kinapotea, unaona mti mmoja umeshuka. Ukitumia mti wa rangi ya maziwa, kila kosa lako litasoma hotuba.

Lakini jueni karatasi zake. Jamii yote ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, iliingizwa Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuanzia Januari 2017. Mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa kwenye sharti hilo. Gitaa lililokwisha linaweza kumfuata mteja wake Toronto bila kibali cha CITES kwa ajili ya mpingo. Gogo na mbao bado vinahitaji kibali. Rozwudi ya Brazili, mti wa jamii hiyo hiyo, ni habari nyingine, imo Kiambatisho cha I tangu 1992, na mteja akiwaletea kipande chake cha urithi, ulizeni maswali kabla ya kukishika. Wanaotaka mpingo wenye hadithi safi, vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, kwa misitu yao mwaka 2009. Anzieni huko.

Abaloni kwenye hanamu? Nimeulizwa hapa mlangoni. Inawezekana, kwa subira. Gamba halipindi hata kidogo. Kwenye ukingo wa kawaida unagandisha mistari ya mti ukiwa umeweka kati yake ukanda wa tefloni, gundi ikikauka unauvuta ukanda unatoka, na mfereji unabaki safi kwa ajili ya vipande vya gamba. Kwenye hanamu fanyeni hivyo hivyo, ila vipande viwe vifupi, milimita 5 au 6. Sababu ni kwamba uso wa hanamu una mgongo kidogo, na kipande kirefu bapa juu ya mgongo kinaelea kwenye ncha zake. Ukikisawazisha kwa msasa, ncha zinapungua kuliko katikati, nalo gamba lote lina milimita moja na kitu. Nimewahi kulisugua mpaka nikaona gundi. Na vaeni barakoa, lowesheni msasa. Vumbi la gamba linaumiza mapafu, na la mpingo linawasha ngozi na kukaba kifua. Wazee waliopachika mifupa kwenye viti vya enzi vya Lamu na Unguja hawakuwa na barakoa. Ninyi mnazo, shilingi mia chache.

Pwani yetu ina unyevu. Gitaa lililojengwa hewani Dar es Salaam, likifika kwenye baridi kavu ya Kanada, uso unasinyaa na mstari wa ndani wa hanamu ndio wa kwanza kuachia, maana huko sprusi na mpingo zinavutana kwa mwendo tofauti. Mimi nina chumba kidogo chenye mashine ya kukausha hewa, naweka unyevu kati ya asilimia 45 na 50. Luku inalia, lakini ni nafuu kuliko gitaa kurudi kwa ndege.

Kuhusu sauti, naona mkono umeinuka, kaka, nitakujibu kabla hujauliza. Ndiyo, hanamu inachukua sehemu ya uso ambayo ingetetemeka. Sehemu yenyewe iko ukingoni, ambako uso umeshashikwa na mkanda na hautikisiki sana. Nikizidi milimita 30 za upana naanza kuona wivu kwa niaba ya gitaa, kwa hiyo sizidi. Wapo wanaokwenda 40. Masikio ni yao.

Basi, mfuko. Sprusi, mbavu za mpingo, mistari mitatu inayogawanyika. Lipitisheni kwa mikono miwili, vueni saa na pete, na yule wa bendi alipige kidogo ili mkono wake useme. Kuna ncha mbili. Moja imekaa kama nilivyoichora. Nyingine ina mwanya unaoingia ukucha, nimeujaza kwa vumbi la mpingo na gundi, na sitasema ni ipi. Msiangalie kwa macho. Pitisheni kidole gumba.

Kanga nirudishieni.